Paka wa Miaka 26 Apata Kwao

Kwa kawaida mwenye paka ndiye humzika paka wake. Kwa Flossie mambo yalikwenda kinyume. Paka huyu wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1995, alifiwa na mwenye kumfuga wa kwanza, akachukuliwa na dada wa marehemu, naye pia akafariki. Kijana wa familia akamtunza miaka michache, kisha akashindwa. Agosti 2022 Flossie akafikishwa kwa shirika la Cats Protection, hasikii na macho yamefifia. Wahudumu walipofungua faili lake la matibabu ndipo wakagundua amekaribia miaka 27.

Akapatikana mtu wa kumchukua, mkazi wa Orpington pembezoni mwa London, ambaye paka wazee si wageni kwake. Novemba mwaka huohuo shirika la rekodi za dunia la Guinness likamtambua Flossie kuwa paka mzee kuliko wote walio hai. Madaktari wa mifugo huhesabu mwaka wa kwanza wa paka kuwa sawa na miaka 15 ya binadamu, wa pili humfikisha 24, na kila mwaka baada ya hapo huongeza minne. Piga hesabu mwenyewe.

Kwenye vituo vya kuhifadhi wanyama, watoto wa paka ndio huondoka upesi. Wazee hubaki, kwa kuwa watu wanahofia gharama na msiba wa mapema. Hofu hiyo ina msingi. Ila mtoto wa paka naye ni bahati nasibu: umri wake wa kuzoea binadamu ni takriban kati ya wiki ya 2 na ya 7, na atakavyokuwa ukubwani hakuna ajuaye. Mzee tabia yake imeshakomaa. Tahadhari ni moja tu, usiipime tabia yake siku anapoingia kituoni. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa paka wapya waliopewa boksi la kujificha walitulia haraka kuliko walionyimwa. Boksi tupu, basi.

Kazi ngumu inaanzia nyumbani, maana paka huficha maumivu. Chukua figo. Sehemu zilizo nzima hubeba mzigo wa zilizokufa, hivyo kipimo cha kreatinini kwenye damu kinaweza kukaa sawa mpaka karibu robo tatu ya uwezo wa figo iwe imepotea. Dalili unaiona mapema zaidi mchangani anakojisaidia: mabonge ya mkojo yanakuwa makubwa, na bakuli la maji linakauka kabla ya jioni.

Viungo navyo vina hila zake. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichunguza picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, wakakuta 90 wana dalili za kulika kwa viungo. Wengi hawachechemei. Mmoja anaacha kurukia dirishani, mwingine manyoya ya kiunoni yanashikana kwa sababu hawezi tena kujipinda na kujilamba. Jirani akimwona husema uzee umemfanya mpole. Upole gani huo? Anaumwa. Mnyanyue mguu utazame kucha: kwa kuwa hakwaruzi tena, zinanenepa, zinajikunja na kuchoma nyama laini ya wayo.

Yupo pia anayekula kwa pupa huku mbavu zikihesabika. Huyo apimwe ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ulioelezwa kwa paka kwa mara ya kwanza mwaka 1979 na wenye dawa.

Kwa hiyo kabla ya kumleta, tenga fedha za vipimo vya damu kila baada ya miezi 6, weka ngazi fupi kando ya kochi, na tafuta beseni la mchanga lenye ukingo wa chini. Akikojoa pembeni, usimgombeze. Jaribu kwanza kupunguza ukingo huo.