Dakika 16 kwenda Nakuru: Je, kasi ina faida?

Mgonjwa wangu mmoja, mfanyabiashara ambaye huenda Nakuru mara mbili kwa juma, alikuja kupimwa shinikizo la damu. Tulipomaliza, aliniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi.

"Daktari, gari langu ni jipya, breki ni nzuri na barabara haina mashimo. Nikienda kilomita 120 kwa saa badala ya 100, kuna ubaya gani? Mimi ni mtu wa shughuli nyingi."

Ningeweza kumjibu kwamba 120 ni zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa na sheria ya Kenya. Lakini hilo alilijua. Kwa hivyo nilichukua karatasi ya kuandikia dawa tukapiga hesabu pamoja. Nawe msomaji, hebu tuipige.

Dakika unazookoa

Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Ukienda kilomita 80 kwa saa bila kusimama popote, utachukua saa mbili. Ukienda 100, utachukua saa moja na dakika 36. Umeokoa dakika 24. Ukifikisha 120, utachukua saa moja na dakika 20. Sasa umeongeza dakika 16 tu. Ukithubutu kwenda 140, faida inayoongezeka ni kama dakika 11.

Kila unapoongeza kilomita 20, dakika unazopata zinapungua. Na hii ni hesabu ya karatasi tu. Barabarani kuna malori yanayopanda mlima kwa shida, matuta, na miji kama Naivasha na Gilgil. Mara nyingi yule aliyekupita kwa vishindo utamkuta mbele amekwama nyuma ya lori, nanyi mtaingia Nakuru pamoja.

Mwili unapokea nini?

Madhara hayaendi hivyo. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. Kutoka 100 hadi 120 kasi imeongezeka kwa asilimia 20, lakini nguvu hiyo imeongezeka kwa asilimia 44.

Kugonga kitu kisichosogea ukiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, yaani kama ghorofa ya tatu. Kwa kasi ya 100, ni kama mita 39. Kwa 120, ni kama mita 57, karibu ghorofa ya kumi na tisa.

Sisi madaktari husema kwamba katika ajali moja kuna migongano mitatu. Kwanza gari hugonga kitu. Pili, mwili wako hugonga usukani, kioo au kiti kilicho mbele. Tatu, viungo vya ndani, ambavyo bado vinakwenda kwa kasi ile ile, hugonga mifupa au huvutwa mahali viliposhikiliwa. Ubongo hugonga fuvu. Ini na bandama hupasuka. Mshipa mkuu wa damu utokao moyoni huweza kuchanika, na mtu akafa kabla ya kufikishwa hospitalini ingawa nje hana jeraha kubwa.

Mkanda wa usalama hupunguza sana madhara ya mgongano wa pili, na kwa hivyo huokoa maisha ya wengi. Lakini kadiri kasi inavyozidi, ndivyo uwezo wake wa kukukinga na ule wa tatu unavyopungua.

Breki nzuri je?

Tuseme magari mawili yanakwenda sambamba, moja kwa 100 na jingine kwa 120. Ghafla mtoto anaingia barabarani. Kabla ya mguu kufika kwenye breki, sekunde moja na nusu hivi hupita. Gari la kwanza litasimama baada ya kama mita 97, hatua moja kabla ya mtoto. La pili, likiwa na breki nzuri vilevile, litafika mahali hapo likiwa bado na kasi ya zaidi ya kilomita 70 kwa saa.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wastani wa kasi ukiongezeka kwa asilimia moja, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Nchini Kenya, zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu.

Wengine hutaja nchi za ng'ambo. Ni kweli kwamba Marekani iliweka kikomo cha maili 55, yaani kama kilomita 88, mnamo 1974 ili kuokoa mafuta, ikakiondoa 1995. Tangu 2012 kuna barabara moja jimboni Texas inayoruhusu maili 85, kama kilomita 137. Lakini katika barabara kama hiyo hukuti bodaboda, ng'ombe, wala mama anayevuka kwenda sokoni. Na hata huko, mwili wa binadamu ni huu huu.

Nilipokuwa daktari mchanga katika hospitali moja kando ya barabara kuu, tuliletewa kijana aliyekuwa akikimbilia sherehe ya mahari ya dada yake. Tuliondoa bandama yake, akapona. Mama aliyemgonga akivuka na mtungi wa maziwa hakufika hospitalini. Kijana yule aliniambia, tena na tena, kwamba alikuwa amechelewa dakika 20 tu.

Ushauri

Ondoka nusu saa mapema. Hiyo ni zaidi ya dakika zote ambazo 120 ingekupa. Punguza hadi 50 unapopita mjini au sokoni. Kila mtu afunge mkanda, hata wa viti vya nyuma. Ukiwa kwenye matatu, kumbuka kwamba kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa. Mwambie dereva apunguze mwendo, na abiria wenzako wakuunge mkono.

Mgonjwa wangu aliitazama ile karatasi kwa muda, akacheka. "Kwa hivyo, Daktari, dawa yangu ni kuamka mapema?"

Nikamwambia ndiyo, mara mbili kwa juma, kila siku ya safari.