Kuzama kwa tiyo na kompreseri: hatari kubwa iko wakati wa kupanda

Kwenye mto Ulindi, teritware ya Shabunda, jimbo la Kivu Kusini, na kwenye mito mingine ya mashariki ambamo dhahabu inatafutwa kwa drage, kuna vijana ambao kazi yao iko chini ya maji. Wanaitwa plonjeri. Vyombo vyao ni vichache: maski, mkaba wenye uzito, kamba, na tiyo ya plastiki inayoleta hewa toka kompreseri iliyo juu ya drage. Hakuna chupa ya hewa mgongoni, na mara nyingi hakuna kipimo cha kuonyesha amefika mita ngapi.

Inaweza kutokea hivi: plonjeri anapanda akiwa mzima, anaongea na wenzake, kisha nusu saa baadaye mabega na magoti yanamuuma, miguu inakufa ganzi, hata mkojo unakatala kutoka. Kwenye familia wengine watasema ni uchawi, wengine mamba-muntu. Lakini ugonjwa huu unajulikana tangu zamani. Katika karne ya 19, wafanyakazi wa Ufaransa waliochimba makaa ndani ya vyumba vya hewa iliyobanwa walipata maumivu yale yale, na mwaka 1854 madaktari wawili, Pol na Watelle, waliandika kwamba mabaya yanakuja wakati wa kutoka, si wakati wa kuingia.

Presha inafanya nini?

Juu ya inchi kavu, mwili unabeba uzito wa hewa peke yake. Kila mita 10 za maji zinaongeza presha nyingine sawa na hiyo. Kwa mita 10 presha ni mara mbili, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Ndiyo maana tiyo ndefu bila mashini haisaidii: maji yanabana kifua, na mtu anashindwa kuvuta hewa. Kompreseri inasukuma hewa yenye presha ya kutosha, na hapo plonjeri anapumua.

Lakini hewa hiyo imebanwa. Mapafu yaliyojaa kwa mita 10 yana hewa ambayo, ikifika juu, itataka nafasi mara mbili. Mashini ikizimika, plonjeri akashtuka, akabana pumzi na kupanda mbio, mapafu yanaweza kupasuka. Hata mita mbili zinaweza kutosha. Hewa ikiingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo, anaweza kuzimia palepale.

Kwa hiyo sheria ya kwanza haiombi hata franka moja: asibane pumzi. Wakati wa kupanda, atoe hewa pole pole kinywani njia yote.

Juu ya nini viungo vinauma?

Sehemu kubwa ya hewa tunayopumua, karibu 78 kwa mia, ni azoti. Mwili hauitumii. Lakini chini ya presha azoti inaingia ndani ya damu na nyama, na kadiri mtu anavyokaa chini, ndivyo inavyozidi. Akipanda haraka, inatokea kama kwenye chupa ya Fanta iliyofunguliwa kwa nguvu: mapovu. Mapovu hayo yakikaa kwenye viungo, yanauma. Yakikaa kwenye uti wa mgongo, mtu anapooza.

Mwingereza John Scott Haldane alichunguza jambo hili kwa kutumia mbuzi, na mwaka 1908 alitoa jedwali za kwanza za kupanda kwa vituo. Leo wazamiaji wanafundishwa kupanda bila kupita mita 9 ao 10 kwa dakika, na kusimama dakika 3 kwa mita 5 mbele ya kutoka. Jedwali za jeshi la maji la Marekani zinaruhusu karibu saa moja kwa mita 18, lakini karibu dakika 25 tu kwa mita 30. Kupita hapo, lazima vituo virefu.

Hapa ndipo tiyo inadanganya. Mwenye chupa mgongoni, hewa yake inakwisha na kumlazimisha apande. Kompreseri haichoki kama mafuta yangali. Plonjeri anaweza kukaa masaa, kisha kurudi tena siku ileile, na azoti ya kwanza haijatoka. Vyombo vikiwa vichache, saa inakuwa chombo cha lazima. Mtu mmoja abakie juu, ahesabu dakika, ashike kamba, na alama za kuvuta zipatanwe mbele ya kushuka.

Zaidi, namba zile ni za bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya bahari, ziwa Kivu karibu mita 1460. Kwenye milima hewa ni nyepesi, basi muda wa kukaa chini unapunguzwa.

Moshi ndani ya tiyo

Hatari ingine inatoka kwa mashini yenyewe. Kompreseri ikivuta moshi wa mota, plonjeri anapumua monoksidi ya kaboni, gazi isiyo na harufu, ambayo inashika damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, anasikia kutapika. Chini ya maji anaweza kusikia yuko sawa, kisha anazimia akiwa karibu kufika juu.

Mdomo wa kompreseri unaovuta hewa uwekwe juu, upande upepo unatokea, mbali na bomba la moshi. Upepo ukigeuka, drage igeuzwe ao kazi isimame. Tiyo iwe na klape inayokataza hewa kurudi nyuma. Mkaba wa uzito ufunguke kwa mkono mmoja.

Mtu akiumwa

Alazwe chali, apewe oksijeni safi kama iko kwenye kituo cha afya, na apewe maji ya kunywa kama hajapoteza fahamu. Daktari aambiwe wazi kwamba alikuwa anazama, mita ngapi, dakika ngapi. Asirudishwe chini ya maji ili "azoee". Dawa yenyewe ni chumba cha presha, na si kifaa cha hospitali ya kawaida. Hiyo inaonyesha juu ya nini kukinga ni muhimu zaidi.

Shabunda, njia ya haraka ya kutoka mara nyingi ni ndege. Ndege ikipanda, presha inashuka tena na mapovu yanakuwa makubwa. Plonjeri mzima angoje masaa 24 mbele ya kupanda ndege, ao mbele ya kupanda milima kwa gari, kama toka Uvira kuenda Bukavu. Mgonjwa akilazimika kusafirishwa, rubani aombwe kuruka chini iwezekanavyo, na oksijeni isikatwe.

Karibu mambo haya yote yako mikononi mwa mwenye drage: saa, kamba, klape, mahali pa kuweka mashini, na ruhusa ya kupanda pole pole hata kama changarawe ya siku hiyo ni nzuri.