Kilo, Paundi na Nukta

Mtoto ana uzito wa paundi 33. Daktari ameagiza apewe ibuprofeni, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake. Dawa iliyopo ni ya maji, na kila mililita 5 zina miligramu 100. Anyweshwe mililita ngapi?

Anayeijua njia huanza na uzito. Kilo moja ni kama paundi 2.2, kwa hiyo 33 gawanya kwa 2.2 ni kilo 15. Kilo 15 mara miligramu 10 ni miligramu 150, nazo zimo katika mililita 7.5. Yote hayo ni hesabu za shule ya msingi. Lakini aliyesahau kugeuza paundi kuwa kilo atapata mililita 16.5, na mtoto atameza zaidi ya mara mbili ya dozi yake.

Ndiyo maana vyuo vingi vya uuguzi nchini Marekani humpima mwombaji hesabu kabla ya kumpokea. Mmoja wa mitihani inayotumika sana ni TEAS. Toleo lake la saba, lililoanza mwaka 2022, lina maswali 170 ya kusoma, hisabati, sayansi na Kiingereza. Ya hisabati ni 38 kwa dakika 57, yaani dakika moja na nusu kwa kila swali, na kikokotoo kinachotolewa ni kile cha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Huulizwa sehemu, desimali, asilimia, uwiano, vipimo, grafu na aljebra nyepesi. Miongoni mwa wanaoufanya wamo watu waliokulia Kenya, Tanzania na Kongo, ambao mchana au usiku wanahudumia wazee na wagonjwa, na hesabu za darasani waliziacha miaka mingi iliyopita.

Mtu kama huyo akiamua kujiandaa, mara nyingi hununua kitabu, akafungua sura ya sehemu na kufanya maswali 30 mfululizo. Anapata karibu yote. Kesho yake anahamia asilimia, keshokutwa uwiano. Juhudi hiyo inastahili heshima, na inaumiza kuona jinsi matunda yake yanavyopotea upesi.

Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor wa University of South Florida walichapisha jaribio linaloeleza tatizo hilo vizuri. Wanafunzi wa chuo walifundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi la kwanza lilimaliza maswali ya umbo moja ndipo likaenda kwenye jingine. Kundi la pili lilipewa maswali ya maumbo yote yakiwa yamechanganywa. Kwenye mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Wiki moja baadaye wote walifanya mtihani. Kundi la kwanza liliporomoka hadi asilimia 20, la pili likapata 63.

Anayefanya maswali 30 ya asilimia anajua njia hata kabla ya kusoma swali, kwa sababu kichwa cha sura kimeshamwambia. Anachofanyia mazoezi ni ukokotoaji peke yake. Kazi iliyo ngumu zaidi, ya kulitazama swali na kutambua linadai njia ipi, hajaigusa. Katika mtihani hakuna kichwa cha sura, na kitandani kwa mgonjwa pia hakuna.

Kuna ugunduzi mwingine unaokwenda sambamba na huo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliosoma habari mara ya pili waliikumbuka zaidi baada ya dakika 5, ila baada ya wiki waliojipima bila kuitazama waliwapita. Katika hesabu, hiyo ina maana ya kuufunika mfano uliokwisha kutatuliwa na kuutatua upya kwenye karatasi tupu. Nusu saa kila siku, maswali matatu matatu ya kila aina yakiwa yamechanganywa, na yaliyokosewa yakirudiwa baada ya siku mbili tatu, itafaa kuliko Jumamosi nzima ya sehemu peke yake. Alama za mazoezi zitakuwa chini, na mwanafunzi asikate tamaa kwa hilo.

Kila mmoja pia ana tabia alizotoka nazo shuleni kwao. Aliyesoma Tanzania anaikumbuka MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Akiifuata neno kwa neno katika 10 − 4 + 3, atajumlisha kwanza na kupata 3. Jibu ni 9, kwani kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na huchukuliwa kuanzia kushoto. Kugawanya na kuzidisha ni hivyohivyo.

Kwa aliyesoma Kongo hatari iko kwenye alama ndogo kabisa. Huko desimali huandikwa kwa mkato, 2,5. Marekani mkato hutenga maelfu, kwa hiyo 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Akiisoma kama moja na robo, amekosea mara elfu.

Hospitali zenyewe zinaziogopa alama hizi. Mwaka 2004 Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali za Marekani, ilianza kukataza maandishi fulani katika maagizo ya dawa. Nusu miligramu lazima iwe 0.5, kamwe si .5, maana nukta isipoonekana itasomwa 5. Miligramu moja iandikwe 1, si 1.0, isije ikawa 10.

Anayefaulu mtihani wa kuingia hukutana na hesabu hizi tena darasani. Dripu ya mililita 1,000 kwa saa 8 ni mililita 125 kwa saa. Kama mrija unatoa matone 20 kwa mililita, muuguzi ataurekebisha hadi matone 42 kwa dakika. Vyuo kadhaa hudai asilimia 90 au zaidi katika jaribio la dozi, na asiyefikisha haruhusiwi kugawa dawa wodini mpaka alirudie.