Mazoezi ya Mwili na Subira ya Imani

Mtume Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu akishona mahema kwa ajili ya riziki yake, na mji huo haukuwa mbali na Isthmia, ambako kila baada ya miaka 2 Wayunani walikusanyika kushindana kwa mbio, mieleka na ngumi, na mshindi akavikwa taji la majani. Si ajabu, basi, kwamba alipowaandikia Wakristo wa huko aliwapigia mfano wa mkimbiaji na wa mpigana ngumi. Aghalabu wasomaji wa waraka ule hulikazia macho taji, ilhali kiini cha fundisho kimo katika kule kujinyima kwa mshindani, nako hufanyika siku ambazo hapana mtazamaji wala makofi.

Nguvu za mwili haziwekwi akiba. Mkimbiaji hodari akiacha mazoezi kwa majuma machache, kilima alichozoea kukipanda huku akizungumza na mwenziwe humsimamisha katikati, mikono kiunoni, akihema. Hali kadhalika, aliyebatizwa na kulelewa kanisani hawezi kuishi kwa sala za utotoni mwake. Wala pupa haimfai: anayeanza kwa kukimbia mwendo mrefu kupita kiasi huamka kesho yake miguu imekaza, na keshokutwa haonekani, na anayetoka katika mkutano wa injili akiwa na hamasa huahidi kukesha kila usiku, na kabla mwezi haujaandama Biblia yake imekwisha rudi juu ya kabati. Aidha, misuli hujijenga katika kupumzika baada ya kazi, na kwa sababu hiyo siku ya Bwana ni sehemu ya zoezi lenyewe, wala si uvivu.

Tanzania inaye shahidi mashuhuri wa kudumu katika zoezi. Oktoba 1968, mjini Mexico, juu ya mwinuko wa mita zaidi ya 2,200 ambako hewa ni nyepesi, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka katika mbio za marathoni, goti likateguka na bega likaumia. Walioanza walikuwa 75, na 18 kati yao hawakumaliza. Yeye alifungwa bendeji, akaendelea akichechemea, akaingia uwanjani giza likiwa limeshuka, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, akiwa wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana kwamba nchi yake haikumtuma kuanza tu, bali kumaliza.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi, na aghalabu hukomea hapo. Lakini miaka 2 baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia tena marathoni akashika nafasi ya tano. Baina ya Mexico na Edinburgh kulikuwa na asubuhi nyingi zisizoandikwa na gazeti lolote, za goti lililopona na mtu aliyerudi barabarani. Na mimi naona fundisho kubwa zaidi limo humo. Ushupavu wa saa moja huweza kuletwa na fahari au macho ya watu, bali kurejea katika kazi ya kila siku baada ya aibu ya kuanguka huletwa na azma peke yake.

Muumini aliyeanguka, awe ameshindwa na ulevi, hasira au uzembe wa sala, kwa kawaida hungoja ajione safi kwanza ndipo arudi kanisani, kama kwamba mgonjwa wa goti angengoja kupona kabisa kabla ya kujifunza kutembea. Na arudi akichechemea, kwa kipimo kidogo, pamoja na wenziwe. Anayetaka kudumu asijisumbue kuuliza imani yake itakuwaje miaka 20 ijayo. Aulize atasali saa ngapi kesho, na ni nani atakayebisha hodi kwake asipoonekana ibadani.