Mtoto wa Chatu Anapokataa Kula

Chatu ajikunjaye kama mpira aonapo hofu hupatikana tangu Senegal hata Uganda, wala hana sumu. Amfugaye mara ya kwanza hufadhaika mtoto wa chatu akikataa panya, akamshikashika kila saa. Hilo ndilo kosa. Mara nyingi mgeni huyu haumwi, anaogopa tu. Mpe sanduku lenye maji safi na maficho mawili membamba: moja upande wa joto wa nyuzi 31 za Sentigredi, la pili upande wa nyuzi 26. Usimguse kwa juma zima. Kisha mpe panya mfu, asiyezidi unene wa mwili wake. Akimeza, mwache siku mbili. Akikonda, mpeleke kwa daktari wa wanyama.