Chuo cha Watu Wazima Mjini Frankfurt

Mtu mzima akiketi darasani na kitabu cha herufi mkononi huona haya. Wengi wenu mmeyaona hayo katika masomo ya jioni: bwana ambaye mchana huwaamuru wenzake kazini, jioni huinamisha kichwa asije akaitwa kusoma mbele za watu. Leo nataka kuwaeleza habari za chuo kimoja kilichojengwa juu ya haya hiyo hiyo. Kilikuwa katika mji wa Frankfurt, nchi ya Ujerumani, nacho kiliwafundisha Wayahudi wazima dini yao wenyewe.

Huenda mtauliza, yawezekanaje Myahudi asijue dini yake? Sababu si ngumu. Katika karne ya 19 Wayahudi wa Ujerumani walifunguliwa milango iliyokuwa imefungwa kwa babu zao: shule kubwa, uanasheria, udaktari. Wakaingia kwa bidii nyingi. Kijerumani kikawa lugha ya nyumbani, na Kiebrania kikabaki ndani ya sinagogi. Babu alijua sala na maana yake. Baba alijua sala bila ya maana. Mwana hakujua hili wala lile, ila alijua kwamba watu humwita Myahudi.

Mwana wa namna hiyo alikuwa Franz Rosenzweig, aliyezaliwa mjini Kassel mwaka 1886. Elimu ya dunia alikuwa nayo tele, maana alisoma udaktari kwanza, kisha historia na falsafa. Mwaka 1913 aliazimu kuwa Mkristo, kama baadhi ya jamaa zake. Walakini aliona si haki kuitoka nyumba asiyopata kuiona ndani, akarudi kwanza kuitazama. Mwezi wa Oktoba mwaka ule akamwandikia jamaa yake kwamba hana haja tena ya kubatizwa, atabaki Myahudi. Alikuwa na umri wa miaka 26, na ndipo alipoanza kujifunza kwa kweli.

Hata mwaka 1920 akafungua chuo Frankfurt. Hapakuwa na mtihani wa kuingia, wala mtu hakuulizwa anashika amri ngapi za dini. Walikuja matajiri na makarani, wanaume kwa wanawake, wenye kushika Sabato na wasiojua inaanza saa ngapi. (Huanza Ijumaa jua likichwa, maana siku ya Kiyahudi hutangulia usiku.) Ajabu kubwa zaidi ilikuwa walimu. Baadhi yao walikuwa wanazuoni wa dini, lakini wengine walikuwa watu wa kazi nyingine kabisa: Eduard Strauss alikuwa mtaalamu wa kemia, na Richard Koch alikuwa tabibu. Rosenzweig aliwataka makusudi. Aliona ya kuwa mtu aliyepotea njia na kuirudia ajua mahali watu wapoteapo, na ya kuwa mwanafunzi wa namna hii haanzi katika Torati kisha akaenda maishani. Huanza katika maisha aliyo nayo, akarudi nyuma pole pole mpaka Torati.

Kiebrania kilifundishwa pia, kwani asiyejua lugha hutegemea kinywa cha mwingine siku zote. Herufi zake ni 22, nazo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyesoma chuoni pwani ya Afrika ya Mashariki hatazistaajabia sana: alefu ni ndugu ya alifu, na lamedi ni ndugu ya lamu.

Lakini jambo ambalo mgeni wa dini hii hulistaajabia zaidi ni ukurasa wa Talmudi. Katikati pana maneno ya wanazuoni wa kale wakibishana juu ya sheria. Pembeni, upande huu na huu, pana maelezo ya watu waliokuja baada yao kwa mamia ya miaka. Hufanana na baraza ambayo wazee wa zamani wamekaa katikati, na wajukuu wamewazunguka wakiuliza. Tena aliyeshindwa hafutwi. Wafuasi wa Hillel na wafuasi wa Shammai walipingana katika mambo mengi; hukumu kwa kawaida hufuata Hillel, na maneno ya Shammai yamo humo humo, husomwa hata leo. Kwa hiyo swali la mwanafunzi si utovu wa adabu. Ndilo somo lenyewe.

Chuo kilipostawi sana kilikuwa na wanafunzi kiasi cha 1,100. Wakati huo mwanzilishi wake alikuwa amekwisha patwa na msiba. Mwaka 1922 aliingiwa na maradhi ya kupooza. Akapoteza mkono wa kuandikia, kisha sauti. Waganga hawakumtarajia aishi muda mrefu. Aliishi mpaka Desemba 1929, na katika miaka hiyo, mkewe Edith akizisoma ishara zake herufi baada ya herufi, alifasiri Biblia kwa Kijerumani pamoja na Martin Buber. Walikuwa wamefika katika kitabu cha Isaya alipofariki.

Chuo kilikuwa kimekwisha nyamaza. Mwaka 1933 Hitler alitwaa utawala, na Wayahudi wakaanza kufukuzwa makazini na mashuleni. Hapo maelfu ya watu walijikuta wakiteswa kwa ajili ya jina wasiloweza kulieleza hata kwa watoto wao. Mwaka huo huo Buber akakifungua chuo tena, nacho kikafundisha mpaka mwaka 1938, masinagogi ya Ujerumani yalipochomwa moto. Buber alikuwa amehamia Yerusalemu mwaka ule, na mwaka 1949 alianzisha huko chuo cha kuwaandaa walimu wa watu wazima.

Masomo ya kuanza dini ya Kiyahudi yako leo katika miji mingi ya Marekani na Uingereza, na mengi hupokea hata wasio Wayahudi: mtu aliyeoa au kuolewa na Myahudi, Mkristo atakaye kujua Yesu alisali sala zipi, au mwenye hamu tu. Kuhudhuria hakumfanyi mtu kuwa Myahudi. Atakaye kuingia hujifunza muda mrefu, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi, kisha husimama mbele ya waamuzi watatu, na mwisho huzama katika maji. Wengine humaliza masomo, wakashukuru, wakarudi makwao na dini zao.