Phobia: Si Kila Woga, Wala Si Woga Tu

Siku hizi mtu akishtushwa na mende husema ana phobia. Neno hili la Kiingereza lilitokana na phobos ya Kigiriki, yaani hofu, na kwa madaktari wa afya ya akili lina mipaka yake. Hofu iwe imepita kiasi cha hatari yenyewe, imjie mhusika karibu kila anapokutana na kitu hicho, iwe imedumu kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na imvurugie maisha. Anayechukia mende lakini anaingia jikoni akapika, hana phobia. Anayeacha kazi nzuri kwa kuwa ofisi iko ghorofa ya tisa na yeye hapandi lifti ng'o, huyo anahitaji tabibu.

Lakini katika hospitali hiyohiyo, neno linageuka. Mwenye homa ya uti wa mgongo akiandikiwa photophobia, si kwamba anaogopa mwanga, unamuumiza. Hydrophobia ndiyo inayotisha zaidi, nayo ni dalili ya kichaa cha mbwa. Mgonjwa ana kiu, anaomba maji, anakishika kikombe. Kikikaribia mdomo, misuli ya koo na ya kupumulia inakaza kwa maumivu makali. Wengine hukazwa kwa kuyaona maji tu. Ikifika hapo, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo.

Matumizi nisiyoyakubali ni ya xenophobia. Mei 2008, mashambulizi dhidi ya wageni Afrika Kusini yaliua watu zaidi ya 60, na neno lililotumika ni hilo. Ile ilikuwa chuki. Kuiita hofu ni kumpunguzia lawama mwenye rungu, na ni kumdhulumu mgonjwa wa hofu, ambaye hukimbia, hashambulii mtu.

Phobia ya kweli inatibika: mtaalamu humkutanisha mgonjwa na anachokiogopa hatua kwa hatua, hadi mwili uzoee. Wanaozimia wakiona sindano au damu wana jambo lao la pekee, kwani presha yao hushuka ghafla. Kama ni wewe, usione haya. Mwambie muuguzi kabla hajaanza, ulale kitandani, ukaze misuli ya miguu na ya mkono usiochomwa.